Mwongozo Kamili: Kuzipata Sayari Tano kwa Macho, na Miezi ya Mshtarii kwa Darubini ya Mkononi

Ujumbe unaonifikia ni uleule, hubadilika jina la mtumaji tu. "Niliambiwa Mshtarii iko kusini. Nimekaa uani tangu saa mbili, shingo imekakamaa, sijaona kitu." Nikiuliza maelekezo kayatoa wapi, nakuta yaliandikwa na mtu wa Uingereza au Marekani kwa ajili ya jirani zake. Maelekezo hayo si ya uongo, ila ni ya anga ya kwao. Januari 2026 mtu wa London aliyetazama kusini usiku wa manane aliiona Mshtarii vizuri kabisa. Mtu wa Dar es Salaam aliyetazama kusini usiku huohuo alikuwa ameipa kisogo.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa tunaokaa karibu na ikweta, tuseme kuanzia Kampala mpaka Mtwara. Ukiufuata hatua kwa hatua, ndani ya wiki mbili utaweza kunyoosha kidole na kuitaja sayari kwa jina, na ukipata darubini utaiona miezi ya Mshtarii.

Neno moja kuhusu majina kabla hatujaanza. Natumia Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, kwa mpangilio huo kutoka kwenye Jua, na Dunia yetu ikiwa kati ya Zuhura na Mirihi. Baadhi ya vitabu vya shule huiita Utaridi "Zebaki", na Zohali "Sarateni". Ukikuta hivyo usibishane na mwalimu, jua tu ni sayari ileile.

## Vitu vya kuandaa

- Mkeka au jamvi. Huu ndio muhimu kuliko vyote. Kwetu sayari hupita juu karibu na utosi, na hakuna shingo inayoweza kutazama utosini kwa dakika ishirini ukiwa umesimama.
- Mahali penye upeo wazi magharibi au mashariki: ufukweni, uwanja wa mpira, paa la zege. Kama nyumba na miembe imekuzunguka pande zote, Zuhura na Utaridi zitakupita.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino hugoma kuandika ukiwa umelala chali.
- Tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, ili usijipofushe kila unapoandika.
- Programu ya ramani ya anga kwenye simu. Stellarium inatosha na ina toleo la bure.
- Darubini ya macho mawili, kwa Hatua ya 6 tu. Tafuta iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukiona kidude cha plastiki kimeandikwa kinakuza mara 100 na kioo chake ni kama kifuniko cha soda, kiache hapohapo dukani.

Giza totoro halimo kwenye orodha, na sijasahau. Watu huniambia watasubiri mpaka waende kijijini. Giza la kijijini ni la nyota hafifu. Zuhura na Mshtarii zinaonekana hata ukisimama katikati ya taa za Kariakoo, mradi mawingu yamekaa pembeni.

## Hatua ya 1: Sawazisha saa na simu yako

Nusu ya wanaoshindwa hushindwa hapa, kabla hawajainua macho.

Taarifa nyingi za anga hutolewa kwa saa ya kimataifa, ile ya UTC. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele yake kwa saa tatu. Kisha sisi tunahesabu kwa Kiswahili, tukianza jua linapochomoza. Kwa mkato: chukua saa ya UTC, toa tatu, umepata saa ya Kiswahili, ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. UTC 17:30 ukitoa tatu ni 14:30, ukitoa kumi na mbili ni saa mbili na nusu usiku. Ukiona "saa 2:30" kwenye mtandao, usikimbilie uani kabla hujajua ni saa za nani.

Kisha ifungue programu ya anga na uhakikishe jina la mji ni la kwenu. Nimewahi kushikishwa simu ya kijana aliyelalamika kwamba "programu inadanganya", nikakuta imewekwa Paris. Zungusha simu hewani kwa umbo la namba nane ili dira yake ikae sawa, na usogee mbali na mabati, nondo na magari, maana chuma huipotosha dira.

Umefaulu kama: ukielekeza simu kwenye Mwezi, Mwezi wa kwenye kioo na ule wa angani viko upande mmoja. Vikipishana sana, usiiamini simu usiku huo. Tumia Hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Ijue njia ya Jua kwa ngumi yako

Sayari zote huzunguka Jua katika bapa karibu moja, kana kwamba zimetandazwa kwenye sinia. Dunia nayo imo kwenye sinia hilohilo. Ndiyo maana tukitazama kutoka huku, Jua, Mwezi na sayari hupita katika ukanda mmoja mwembamba angani. Tuuite njia ya Jua. Nje ya ukanda huo hakuna sayari hata moja, hata kitu king'ae namna gani.

Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni nyuzi 10 hivi. Kidole kidogo ni nyuzi 1. Jaribu: panga ngumi juu ya ngumi kuanzia upeo wa macho mpaka utosini, zitatimia tisa au karibu. Mtoto naye atapata tisa, kwa sababu mkono wake ni mfupi kama ngumi yake ilivyo ndogo.

Sasa ipate njia yenyewe. Jioni, tia alama jua lilipozamia. Kutoka hapo njia hupanda wima, au imeinama kidogo, ikapita juu ya kichwa chako na kushuka mashariki. Kwetu hailali pembeni kama ilivyo Ulaya. Ukiwa Dar es Salaam, kilele chake hakiendi zaidi ya ngumi tatu kaskazini mwa utosi, wala zaidi ya ngumi moja na nusu hivi kusini.

Inaegemea upande gani? Kumbuka jua la adhuhuri la msimu huo, kisha geuza. Desemba jua la mchana liko kusini yetu, kwa hiyo usiku wa manane njia inapita kaskazini. Juni na Julai ni kinyume chake. Hapo ndipo "tazama kusini" ya watu wa London inapotupoteza.

Kama hesabu hizi zinakuchosha, mfuate Mwezi. Hautoki nje ya njia ya Jua kwa zaidi ya nusu ngumi, na kila usiku husogea mashariki kwa ngumi moja na zaidi kidogo. Anza siku ya mwezi mwandamo, usiku ule watu wanapopanda juu ya mapaa kutafuta hilali, kisha tia alama daftarini kila jioni kwa siku kumi na nne. Mwezi utakuwa umekuchorea nusu nzima ya njia.

Umefaulu kama: unaweza kusimama uani na kupitisha mkono kutoka magharibi hadi mashariki ukisema, "sayari zinapita hapa", bila kushika simu.

## Hatua ya 3: Ni sayari, ni nyota, au ni mnara wa simu?

Nianze na aibu yangu. Nilipokuwa naanza, niliifuatilia "Mirihi" kwa siku nne mfululizo. Nyekundu, imetulia, haimetameti hata kidogo. Niliandika kurasa mbili. Siku ya tano umeme ulikatika mtaa wa pili, na Mirihi ikazimika. Kumbe ilikuwa taa ya mnara wa simu. Tangu siku hiyo kila kitu chenye mwanga nakipitisha kwenye maswali haya, kwa mpangilio huu:

1. Kinasogea ukikitazama dakika moja? Ni ndege au setilaiti. Ndege ina taa za kuwakawaka. Setilaiti huteleza kimya, na ile kubwa wanamokaa wanaanga hukatiza anga kwa dakika chache tu.
2. Baada ya saa moja kimehama kuelekea magharibi? Kila kitu cha angani husogea ngumi moja na nusu kwa saa. Kisichohama kimeshikiliwa na nguzo.
3. Kiko ndani ya njia ya Jua? Hapa ndipo Sirius na Canopus zinapotoka. Ni nyota mbili zinazong'aa kuliko nyota zote za usiku, na karibu kila mtu huanza kwa kuziita sayari. Zote ziko mbali na njia, upande wa kusini.
4. Kinametameta? Nyota iko mbali mno, kwa hiyo mwanga wake hutufikia kama uzi mmoja, na hewa huutikisa. Sayari iko karibu, ina duara dogo, na mtikisiko wa sehemu moja ya duara hufidiwa na sehemu nyingine. Ndiyo maana mwanga wake umetulia kama wa taa ya chemli ndani ya kioo.

Tahadhari: jaribio la nne halifanyi kazi karibu na upeo wa macho. Chini ya ngumi mbili hewa ni nzito, na hata Zuhura humetameta na kubadilika rangi. Subiri ipande.

Kuna nyota tano zinazofaulu swali la tatu kwa sababu kweli zimo njiani: Aldebaran, Pollux, Regulus, Spica na Antares. Mbili huwachanganya watu na Mirihi kwa wekundu wao. Aldebaran utaijua kwa jirani yake: iko ngumi moja na nusu hivi kutoka Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee walikitazama kabla ya kushika jembe. Antares iko kwenye umbo la nge, na jina lake lenyewe kwa Kigiriki humaanisha mpinzani wa Mirihi. Ni wazi hukuanza wewe kukosea.

## Hatua ya 4: Itaje kwa jina

Zuhura ni nyeupe, kali, haina mshindani angani ila Jua na Mwezi. Ipo karibu na Jua kuliko sisi, kwa hiyo haiwezi kuliacha kwa zaidi ya nyuzi 47, yaani kama ngumi tano. Utaiona magharibi baada ya magharibi, au mashariki kabla ya alfajiri, wala huwezi kuiona usiku wa manane. Kitu kinachong'aa juu saa nne usiku na kuendelea, kiite jina lolote ila si Zuhura. Mwaka 2026 ni nyota ya jioni, katikati ya Agosti ikiwa mbali kabisa na Jua. Mwisho wa Oktoba inapita kati yetu na Jua, inapotea, na Novemba inaibukia upande wa alfajiri.

Mshtarii kwa kawaida ni ya pili kwa kung'aa, na rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Hii huweza kukesha. Huzunguka Jua kwa miaka 12 hivi, kwa hiyo kila mwaka husogea karibu buruji moja, yaani moja ya makundi kumi na mawili ya nyota yaliyopangwa kwenye njia ya Jua. Ukiijua mwaka huu, mwakani itafute jirani tu, upande wa mashariki.

Mirihi ni ya rangi ya kutu. Tabu yake ni kwamba haikai na mwanga mmoja. Ikiwa karibu kabisa nasi huweza kufika kilomita milioni 56 hivi, ikiwa mbali kabisa hupita milioni 400, kwa hiyo kuna miezi inawaka na kuna miezi huitofautishi na nyota ya kawaida. Hutujia karibu kila baada ya miezi 26. Zamu inayofuata ni Februari 2027, na bahati nzuri Mshtarii itakuwa jirani yake mwezi huohuo, umbali wa ngumi moja hivi. Zitazame usiku wa manane, upande wa kaskazini wa utosi, na utaona tofauti ya rangi bila kuambiwa.

Zohali ina rangi ya manjano iliyofifia na haina makeke. Wengi huiruka. Oktoba 2026 itakuwa mkabala na Jua, ikichomoza machweo na kufika karibu utosini usiku wa manane. Kubwa ni kuwa na subira nayo: huchukua miaka 29 na nusu kulizunguka Jua, kwa hiyo ukiipata leo, mwakani utaikuta karibu palepale.

## Hatua ya 5: Thibitisha kabla hujatangaza

Jina "sayari" kwa asili ni la msafiri, na kusafiri ndiko kunakothibitisha. Chagua nyota mbili au tatu zilizo karibu na kitu chako. Zichore daftarini, na kitu chako katikati. Rudia baada ya siku saba, saa ileile. Nyota zitakuwa zimebaki na umbo lao. Sayari itakuwa imehama.

Zuhura na Mirihi hazihitaji hata wiki. Mshtarii mpe wiki mbili, Zohali mwezi mzima. Usishangae ukiona sayari inarudi nyuma, kuelekea magharibi, kwa wiki au hata miezi kadhaa. Ni sisi tunaoipita, kama basi la kasi linapolipita lori na lori likaonekana kama linarudi nyuma.

Umefaulu kama: una michoro miwili ya tarehe tofauti na nukta moja imehama.

## Hatua ya 6: Miezi minne ya Mshtarii

Tahadhari kubwa: usiielekeze darubini kwenye Jua hata kwa sekunde moja, hata likiwa jekundu linazama. Kioo hukusanya mwanga na kuuchoma ukuta wa ndani wa jicho, na hutasikia maumivu ya kukuonya. Miwani ya jua haisaidii kitu. Watoto wasiachiwe darubini mchana.

Kwanza rekebisha darubini. Itazame nyota yoyote kali. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka nyota iwe nukta ndogo kwa jicho la kushoto. Kisha funga la kushoto, zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka nukta iwe kali nako. Wengi huishia na duara kubwa lenye rangi za upinde wa mvua wakadhani wameona sayari, na picha zake ninazo nyingi kwenye simu. Duara kubwa ni ukungu. Sayari halisi kwenye darubini ya 10x50 ni kiduara kidogo, kama punje ya mtama.

Kisha tatizo la mikono. Kinachokuzwa mara kumi, tetemeko la mkono limo. Lala chali kwenye mkeka, kichwa kwenye mto, viwiko vimegusa mbavu. Kama Mshtarii bado iko chini mashariki, egemea ukuta, au simamisha mti wa ufagio na uifungie darubini juu yake kwa mpira wa baiskeli. Pumua nje, shikilia pumzi, tazama.

Utaona Mshtarii, na kando yake nukta ndogo zilizojipanga mstari mmoja: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Picha za vitabuni huonyesha mstari umelala. Kwetu, Mshtarii ikiwa inachomoza, mstari karibu usimame wima, maana njia ya Jua yenyewe imesimama. Kwa hiyo tafuta nukta juu na chini, si kushoto na kulia. Kosa hili pekee limewafanya watu waniambie darubini yao ni mbovu.

Ukiona mbili au tatu, usihesabu kama umeshindwa. Nyingine inaweza kuwa mbele ya Mshtarii au nyuma yake. Chora ulichokiona, andika saa. Rudi kesho. Io humaliza mzunguko kwa saa 42, Europa kwa siku tatu na nusu, Ganymede kwa wiki moja na Callisto kwa siku 17 hivi, kwa hiyo mchoro wa kesho hautafanana na wa leo. Nukta iliyobaki nyuma wakati Mshtarii imesonga ilikuwa nyota ya mbali tu, ifute.

Na pete za Zohali? Hapana. Zinahitaji darubini ya miguu mitatu inayokuza mara 25 au 30. Isitoshe, Machi 2025 pete zilitugeuzia ubavu zikawa kama uzi, na ndiyo kwanza zinafunguka. Badala yake elekeza darubini kwa Zuhura mwezi Septemba 2026, jua likiwa limeshazama kabisa. Utaikuta imekuwa hilali ndogo.

## Hatua ya 7: Utaridi, ya mwisho na ngumu

Hii haiachani na Jua kwa zaidi ya nyuzi 28, chini ya ngumi tatu. Wako watu Ulaya wamezeeka hawajaiona, kwa kuwa kwao mara nyingi hulala chini kwenye ukungu wa machweo. Kwetu husimama juu ya mahali jua lilipozamia, na giza huingia haraka, kwa hiyo sisi tumependelewa.

Hujitokeza jioni mara tatu au nne kwa mwaka, kila mara kwa wiki mbili hivi. Jaribu siku za jirani na tarehe 12 Oktoba 2026. Nenda mahali pasipo na kizuizi magharibi. Acha jua lizame lote. Subiri dakika 35. Weka ngumi kwenye upeo juu ya pale lilipozamia, na utafute nukta moja yenye mwanga wa waridi kuanzia ukingo wa juu wa ngumi mpaka ngumi moja juu yake. Una muda kama wa saa moja tu kabla haijazama. Ukichelewa kwa sababu ya chai, imezama, njoo kesho.